Gari la Nchi ya Joto Katika Baridi ya Kigezi

Uganda haina msimu wa theluji. Barafu yetu iko juu ya Rwenzori, karibu na kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109, mahali ambapo hakuna gari linalofika. Kwa sababu hiyo madereva wengi wa nchi hii, na mafundi wengi zaidi, wamelelewa kuogopa jambo moja tu katika injini, nalo ni kuchemsha. Mimi naendesha huku Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, kati ya Kabale, Muko na Kisoro, barabara inayopanda hadi Kanaba kwenye mita karibu 2,500 kabla ya kuteremka huku mlima Muhavura ukiwa mbele ya macho, na huko nimejifunza kwamba gari la zamani la milimani huumizwa na baridi polepole, mwaka hadi mwaka, wakati mwenye gari anauchunga mshale wa joto usipande na hajali hata kidogo ukikaa chini.

Miezi mibaya zaidi kwetu ni Juni na Julai. Mvua za masika huwa zimekwisha, mbingu hukaa wazi usiku kucha, ardhi hupoteza joto lake, na kufikia alfajiri mjini Kabale hali ya hewa hushuka hadi nyuzijoto 10, pengine chini ya hapo. Juu zaidi, kwenye msitu wa Echuya, ukungu unaweza kukaa barabarani hadi jua litakapokuwa limepanda sana. Najua kwamba mtu wa Canada, ambaye usiku wa majira ya baridi huiunganisha injini yake na umeme ili chuma kisigande, ataziona nyuzi 10 kuwa ni joto. Lakini gari lake limeandaliwa, na gereji za kwao zinaifahamu baridi. Magari yetu ya zamani huja milimani yakiwa yamekwisha kunyang'anywa karibu kila kifaa ambacho kiwanda kilikiweka ili kutunza joto, na kazi yangu kubwa juu ya gari ninaloliendesha imekuwa kuvirudisha vifaa hivyo kimoja baada ya kingine.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya mwaka 1994, ile ndefu ya kubeba watu na mizigo, yenye injini ya dizeli ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, bila turbo. Lilianza kazi na shirika moja upande wa Arua, likahamishiwa Karamoja, kwenye joto la kaskazini-mashariki, kisha likauzwa kwa mnada, na chama chetu cha akiba kikalinunua kwa ajili ya kubeba viazi, mbegu na, usiku unapolazimu, wagonjwa. Ni injini ngumu na naipenda kwa dhati. Asubuhi za Julai, hata hivyo, ilikuwa ikizunguka kwa muda mrefu bila kushika, na ilipowaka ilitoa moshi mweupe unaowasha macho, ikitetemeka kana kwamba silinda mbili hazifanyi kazi, na kwa kweli zilikuwa hazifanyi kazi. Moshi mweupe wa namna hiyo ni dizeli isiyoungua. Inanyunyizwa ndani ya silinda, inakuta kuta baridi, inageuka mvuke na kutoka bila kuungua.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee kutoka ng'ambo ya mpaka wa Bunagana, upande wa Congo, mtu aliyezoea magari ya Rutshuru na Goma. Hakufungua kitu chochote. Aliniambia niwashe, akaweka kiganja chake juu ya mpira mkubwa wa maji unaotoka kwenye kichwa cha injini kwenda juu ya rejeta, akautuliza hapo kwa dakika chache huku injini ikiunguruma, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka palepale. Mpira ulikuwa umeanza kupata uvuguvugu pamoja na injini.

"Unasikia, kijana yangu? Huu mpira ulipaswa kuwa baridi bado. Hii gari walishaivua koti."

Alichomaanisha ni kwamba thamostati haikuwepo. Thamostati ni kilango kidogo chenye nta ndani yake, kinachokaa mahali maji yanapotoka kwenye injini. Maji yakiwa baridi kilango hufungwa, na maji huzunguka ndani ya injini peke yake hadi yapate moto. Yakifikia kiwango kilichopangwa, nta huyeyuka na kutanuka, kilango hufunguka, na ndipo rejeta huanza kazi ya kuyapoza. Kikiondolewa, maji hupita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini inapoteza joto kabla haijalipata. Mafundi wa nchi za joto hukiondoa kwa imani kwamba injini itapoa vizuri zaidi, na imani hiyo haina msingi hata huko Karamoja. Thamostati ya aina hii ina kisahani cha pili upande wa chini ambacho huziba njia ya mkato ya maji wakati mlango wa juu unapofunguka. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo gari lisilo na thamostati linaweza kuwa baridi mno kwenye mteremko na bado likachemsha kwenye mlima mrefu likiwa na mzigo. Nimeyaona yote mawili katika gari hilihili, katika safari moja.

Thamostati mpya niliipima kabla ya kuifunga, na nashauri kila mtu afanye hivyo kwa sababu bandia ni nyingi. Imeandikwa 82 pembeni, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Niliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, bila kuigusisha na chuma cha sufuria, nikasubiri. Mjini Kabale maji huchemka kwenye nyuzi karibu 93 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo nafasi ya kuishuhudia ikifunguka bado ipo, ila ni finyu kuliko ilivyo pwani. Kwenye ukingo wake kuna kitundu chenye kipini kinachochezacheza. Kipini hicho huelekezwa juu wakati wa kufunga, maana ndicho kinachopitishia hewa iliyonaswa. Ikifungwa kichwa chini, hewa hubaki nyuma ya kilango, na dereva ataona mshale ukiruka huku na huko bila sababu.

Mabadiliko yalionekana siku ileile. Zamani, kwenye mteremko wa kutoka Kanaba kwenda Kisoro, nilipokuwa nimeachia mafuta na gari linashuka kwa gia, mshale ulianguka hadi chini kabisa na kukaa huko. Sasa unasimama chini kidogo ya katikati na hauondoki. Jambo la pili lilichukua muda zaidi, lakini kwangu lina uzito mkubwa kuliko la kwanza. Chini ya kifuniko cha kujazia oili palikuwa na utando laini wa rangi ya maziwa, ambao fundi wa awali aliutazama na kusema gasketi ya kichwa, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imekufa na injini lazima ifunguliwe. Maji ya rejeta yalikuwa hayapungui, wala hayakuwa na oili. Utando ule ulikuwa ni mvuke wa kawaida wa injini ambao haukupata joto la kutosha kuondoka, ukageuka maji chini ya kifuniko baridi na kuchanganyika na oili. Baada ya injini kuanza kupata moto ipasavyo, utando ulitoweka wenyewe. Nina hakika kwamba vichwa vya injini vimefunguliwa bure milimani kwa sababu ya utando kama ule, na watu wamelipa fedha za mavuno yao kwa ugonjwa usiokuwepo.

Baada ya thamostati ilifuata feni. Feni ya 1HZ haikufungwa moja kwa moja na injini. Kati yake kuna kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni na kwa mbele kijizunguko cha chuma kinachohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa baridi kiungo hulegea na feni huzunguka kidogo tu. Cha kwetu kilikuwa kimetobolewa na kukazwa kwa bolti ili feni izunguke wakati wote, na ndiyo maana gari lilikuwa likinguruma kama lori la mchanga kila nilipokanyaga mafuta. Nilipata kiungo kilichotumika lakini kizima katika soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Cha kutazama ni hiki: injini ikiwa imezimwa na imepoa, feni isukumwe kwa mkono, izunguke ikiwa na ukinzani kidogo, isijizungukie kwa uhuru kabisa wala isigome. Asubuhi, mara baada ya kuwasha, itavuma kwa muda mfupi kisha itatulia, na hilo si kasoro.

Katika magari ya dizeli ya aina hii, tatizo la kuwaka asubuhi lina mizizi yake kwenye plagi za hita. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa hadi inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Katika 1HZ mafuta hunyunyizwa kwanza ndani ya chumba kidogo kilichoko kwenye kichwa cha injini, na kuta za chumba hicho, zikiwa baridi, hunyonya joto la hewa iliyobanwa kwa haraka. Huku juu kuna jambo jingine: kwenye mita 2,000 msukumo wa hewa ni pungufu ya ule wa usawa wa bahari kwa zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo hata kinachobanwa ni kidogo. Plagi ya hita huingiza ncha yake ndani ya chumba kile na kukipasha kabla hujageuza ufunguo. Gari la Moroto, huko Karamoja, laweza kuwaka bila plagi hata moja nzima, na mwenye gari asijue. Likifika Muko ukweli unajulikana alfajiri ya kwanza.

Kuzipima ni kazi rahisi, lakini lina sharti lake: plagi zote sita zimeunganishwa na bamba moja la chuma, na bamba hilo lisipoondolewa, plagi moja nzima itazifanya zote zionekane nzima. Ondoa bamba, chukua taa ndogo ya kupimia, funga waya wake kwenye upande chanya wa betri, kisha gusa kichwa cha kila plagi kwa ncha ya taa. Inayowasha taa bado inapitisha umeme, isiyowasha imekatika. Kwetu nne zilikuwa zimekatika, na sababu ilikuwa kitufe ambacho mtu alikiweka chini ya usukani badala ya relei ya kiwandani, kitufe kinachopeleka umeme wote kwa muda wowote ambao kidole cha dereva kitavumilia. Plagi hazikutengenezwa kwa ajili ya uvumilivu wa vidole. Zikiunguzwa, ncha zake huvimba, na ncha iliyovimba ikilazimishwa kutoka huweza kukatika na kuangukia ndani. Kwa hiyo zifunguliwe injini ikiwa na joto, kwa mkono wa taratibu. Na kabla ya kulipia mpya, soma volti zilizochapwa kwenye kila moja. Plagi zinazofanana kabisa kwa umbo huuzwa kwa volti tofauti, na muuzaji aliyechoka hatakukumbusha.

Kuna asubuhi ambazo plagi zote ni nzima na gari bado linagoma. Hapo mimi hubonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli kabla ya kufikiria jambo jingine. Ikiwa laini na isiyo na ukinzani, basi dizeli ilirudi kwenye tangi usiku kwa sababu kuna mahali hewa inaingia, na kupasha hita mara kumi hakutasaidia.

Kuhusu oili nitasema machache. Oili ya 40 inayouzwa kila kituo cha mafuta ni nzito mno asubuhi za milimani. Hufanya stata ichoke na huchelewa kufika juu ya injini, na huko ndiko vyuma vinakosugua vikiwa vikavu. Ile ya 15W-40 huanza ikiwa nyepesi na bado inahimili moto wa mlima. Bei yake ni kubwa kidogo. Safisha pia waya wa ardhi wa betri pale unapoungana na injini na chasisi, kwa msasa, hadi chuma king'ae.

Yapo mambo ambayo watu hufanya kwa kukata tamaa na ambayo nimewakataza vijana wetu kabisa. La kwanza ni kitambaa chenye petroli mdomoni mwa chujio la hewa: mvuke wa petroli ukikutana na plagi ya hita iliyoiva hulipuka kabla ya wakati, na ringi za pistoni huvunjika. La pili ni kumwaga maji ya moto juu ya pampu ya dizeli, ambayo vyuma vyake vimekaribiana kiasi kwamba kimoja kikitanuka ghafla kabla ya mwenzake, pampu hukwama. La tatu ni sigiri, yaani jiko la mkaa. Watu wa Kigezi tunaijua sigiri, na tunawajua waliolala nayo ndani ya nyumba iliyofungwa wasiamke. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na ndani ya gari lenye nafasi ya watu kumi inatosha kuua kwa muda mfupi sana. Sigiri isiingie ndani ya gari, hata kwa dakika za kumsubiri mgonjwa, na wala isiwekwe chini ya injini yenye oili inayovuja.

Watu wa ndani ya gari nao wanahitaji joto, na hapa ndipo nilipotia bidii zaidi kuliko kwenye injini. Usiku mmoja nilikuwa namshusha mama aliyejifungua njiani, akipelekwa hospitali mjini Kisoro, na mama mkwe wake alikuwa amemkumbatia mtoto ndani ya vitenge viwili. Tulipokuwa tukipita Kanaba aliniita.

"Dereva, mwanangu, funga dirisha. Mtoto anapigwa na upepo."

"Yamefungwa yote, mama."

"Basi upepo huu unatoka wapi?"

Ulikuwa unatoka sakafuni. Kulipokucha nililala chini ya gari, mwenzangu akamulika kwa tochi kutoka ndani, nami nikaona mwanga ukinijia kupitia matundu yasiyo na vizibo vyake vya mpira, kupitia pembeni mwa mkono wa gia ambapo ngozi ilikuwa imechanika, na kupitia mstari mrefu chini ya mlango wa nyuma. Vizibo tulivikata kutoka kwenye mpira wa tairi la ndani na kuvibana kwa gundi. Mipira ya milango niliipima kwa karatasi: ifungie mlangoni na uivute, ikitoka bila kukwama, mpira umekufa pale. Sakafu niliifunika kwa zulia jembamba la sufu na juu yake mpira wa kawaida, vyote vikiwa vipande vinavyoinuliwa. Wapo wanaotandika sponji ya godoro kwa sababu ni rahisi na ina joto, lakini sponji hunyonya maji ya viatu, huyashikilia juu ya bati, na baada ya mvua za misimu miwili sakafu hutoboka. Bomba la moshi nalo lilikaguliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwani ukiziba matundu ya upepo bila kuziba yale ya moshi utakuwa umemfungia abiria pamoja na sumu.

Hita ya ndani ilikuwepo chini ya dashibodi muda wote, nzima, ikiwa haijaunganishwa. Huko Karamoja mipira yake miwili ilikuwa imekatwa na kuunganishwa mmoja na mwingine karibu na ukuta wa injini, ili maji yasifike ndani. Nilipoirudisha, nilipitisha kwanza maji safi kwa mpira wa bustani kutoka upande wa kutokea, na kilichomwagika kilikuwa tope la kutu la rangi ya udongo wetu, kwa muda mrefu, kabla ya kuanza kuwa meupe. Hiyo ndiyo kazi ya maji matupu ya mto ndani ya injini ya chuma. Tangu hapo natumia maji ya rangi ya rejeta yaliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Sifa yake ya kutoganda hatuihitaji. Tunahitaji dawa yake ya kuzuia kutu, la sivyo vijia vyembamba vya hita vitaziba tena.

Wengine hunishauri niweke kadibodi mbele ya rejeta, kama wafanyavyo madereva wa malori asubuhi. Kwa gari lisilo na thamostati naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Kwa gari lenye thamostati na kiungo cha feni kizima sioni haja, na mlima wa Kanaba si mahali pa kusahau kadibodi. Wala siachi gari liungurume muda mrefu ili lipate moto, kwa sababu dizeli isiyo na mzigo hutoa joto kidogo sana. Navuta kidogo kile kitufe cha mkono cha kuongeza mafuta kilicho kwenye dashibodi, nasubiri msukumo wa oili uongezeke na injini itulie, kisha naondoka taratibu kwa gia za chini.

Baada ya kazi yoyote kwenye mipira ya maji, hewa lazima itolewe, na kwa hita iliyokaa juu hivi hilo linahitaji subira. Mimi huegesha gari pua ikiwa imeelekea mlimani, hufungua hita hadi mwisho, hujaza polepole huku nikiubinyabinya mpira wa juu, na huliacha liungurume bila kifuniko hadi thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Kifuniko cha rejeta nacho kiwe kizima na cha msukumo uliopendekezwa na kiwanda, kwa sababu huku ambako maji huchemka mapema, msukumo wa kifuniko ndio unaoyazuia yasichemke. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa imepoa kabisa, kifungue tena uangalie. Mara nyingi maji yatakuwa yameshuka kidogo, nawe utaongeza hadi yafike shingoni.